Vifaa 14 kwenye ruta, watu 5 nyumbani: nani ni nani, na mgeni anatolewaje?

Swali

"Naomba msaada. Nyumbani Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala, tunatumia ruta ya laini ya 4G, bando ya GB 100 kwa mwezi. Zamani ilitufikisha mwisho wa mwezi, sasa inakata tarehe 17. Nilifungua ukurasa wa ruta nikakuta vifaa 14, na sisi tuko watu 5. Vingine havina jina, kimoja kimeandikwa Espressif, viwili vinaitwa android na namba ndefu. Nikabonyeza kukizuia kimoja kisicho na jina, mara simu ya Ssalongo, baba wa mapacha wangu, ikakata mtandao. Nyuma ya ukuta wetu kuna mizigo, yaani vyumba vya wapangaji. Nitajuaje kipi ni cha nani, na nitawatoaje wasio wetu? Nalongo, Bweyogerere."

Jibu

Nalongo, kwanza kifungulie hicho ulichokizuia, Ssalongo apate mtandao wake. Hapo chini utaona kwa nini simu yake haikuwa na jina.

Pili, acha kabisa kubonyeza kitufe cha kuzuia kwa sasa. Kumtoa mgeni mmoja mmoja kwenye orodha ni kazi isiyoisha, kwa sababu aliyeingia ana nenosiri lako. Ukimtoa na nenosiri likabaki mkononi mwake, atarudi kabla hujafunga kivinjari. Kazi iliyo mbele yako ni kuhakikisha kwamba mgeni kweli yupo, halafu kubadilisha maneno ya siri kwa mpangilio usiomwachia mwanya. Hiyo ya kwanza ndiyo ngumu, na ndiyo watu huiruka, wakaishia kugombana na jirani bure.

Watu 5 si vifaa 5

Chukua karatasi, zunguka chumba kwa chumba, andika kila kitu chenye waifai hata kama hakitumiki kila siku. Simu, pamoja na ile ya zamani yenye kioo kilichopasuka ambayo watoto huchezea gemu. Kompyuta, tableti, televisheni, kisanduku cha Android kilichochomekwa nyuma ya televisheni, dikoda, printa, saa ya mkononi, kamera ya getini, taa au soketi inayowashwa kwa simu, na inveta ya sola kama ni ya aina inayotuma taarifa kwenye simu. Usimsahau dada wa kazi, askari na mpwa anayekuja wikendi. Nyumba ya watu 5 kufikisha vifaa 9 au 10 si ajabu, kwa hiyo kati ya 14 ulivyoviona, vya kutilia shaka huenda ni 4 tu.

Na hao 4 nao huenda hawapo. Ruta hukipa kila kifaa namba ya muda, yaani anwani ya IP, na humwekea namba hiyo kwa saa kadhaa, mara nyingi 24, hata kama mwenyewe ameshaondoka. Shemeji aliyekuja Jumapili jioni akaondoka saa 3 usiku anaweza kuonekana kwenye orodha ya DHCP, yaani ya namba hizo zilizogawiwa, hadi Jumatatu jioni. Ruta nyingi zina orodha mbili. Ile ya DHCP huchanganya waliopo na waliokwisha kuondoka, na nyingine, inayoandikwa "Connected Devices", "Wireless Clients" au "Station List" kutegemea aliyeitengeneza, huonyesha walioshika mawimbi sasa hivi. Itumie hiyo ya pili.

Anwani ya MAC

Majina kwenye orodha hayana uzito. Kifaa hujitaja chenyewe, mtu anaweza kukiita anavyotaka, na vingine havijitaji kabisa. Cha kutazama ni anwani ya MAC: herufi na tarakimu 12, jozi 6, mfano A4:CF:12:7B:30:E5. Jozi 3 za kwanza husajiliwa na shirika la IEEE kwa jina la kampuni iliyotengeneza kifaa au chipu iliyo ndani yake. Tafuta mtandaoni tovuti yoyote inayotambua watengenezaji kwa MAC, bandika jozi hizo 3, utapata jina.

A4:CF:12 ni ya Espressif, kampuni ya Shanghai inayotengeneza chipu za waifai za bei nafuu. Chipu hizo ndizo zimo ndani ya taa na soketi za kuwashwa kwa simu, na vidude vingine vidogo vya aina hiyo. Kwa hiyo yule Espressif wako karibu hakika si simu ya mpangaji. Ni kitu kilichochomekwa ukutani mahali fulani, na mara nyingi kimo ndani ya nyumba yako mwenyewe. Vivyo hivyo ukikuta Hikvision au Dahua, tafuta kamera. Hon Hai, AzureWave na Liteon kwa kawaida ni kompyuta za mapajani, maana jina linalotokea ni la aliyetengeneza kadi ya waifai, si nembo iliyo juu ya kifuniko. Watu hutafuta HP au Lenovo kwenye orodha, hawaioni, wakaamini kompyuta yao haipo na nyingine ya mwizi ipo.

Sasa tuje kwa Ssalongo. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu nyingi hazionyeshi tena MAC zao halisi kwenye waifai zisipoamriwa. Kila mtandao hupewa MAC ya kubuni ili mtu asifuatwe nyayo kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. MAC ya kubuni haimo kwenye daftari la IEEE, ndiyo maana ruta inaandika kwamba haimjui. Kuitambua ni rahisi: tazama herufi au tarakimu ya pili ya jozi ya kwanza. Ikiwa ni 2, 6, A au E, anwani hiyo ni ya kubuni. DA:31:7F:08:C2:9E, kwa mfano, herufi ya pili ni A; hiyo karibu kila mara ni simu au tableti ya kisasa. Kwenye A4:CF:12 herufi ya pili ni 4, basi ni anwani halisi ya kiwandani. Jicho likizoea, unapitisha orodha ya vifaa 14 kwa nusu dakika ukajua zipi ni simu na zipi ni vyombo.

Ili kulinganisha na karatasi yako, chukua kila simu ikiwa imeunganishwa na waifai ya nyumbani. Kwenye Android ingia Mipangilio, Wi-Fi, gusa alama ya gia kando ya jina la mtandao wenu, shuka chini hadi ilipoandikwa MAC. Kwenye iPhone gusa alama ya i kando ya jina la mtandao, utaona "Wi-Fi Address". Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig /all, kisha soma mstari wa "Physical Address" ulio chini ya kadi ya waifai, si ule wa kebo. Televisheni huiweka kwenye hali ya mtandao au taarifa za kifaa. Usiende kwenye ukurasa wa "Kuhusu simu" kuitafuta, kwa sababu hapo simu inaweza kukuonyesha MAC halisi ya kiwandani wakati kwenye waifai yenu inatumia ya kubuni, halafu zisilingane nawe ukaanza upya.

Jaribio la kuzima vyote

Karatasi huacha maswali. Jaribio hili huyamaliza, na linachukua kama nusu saa. Lifanye jioni, saa 2 hadi saa 4 usiku, wakati wapangaji wako nyumbani na mtandao unatumika.

Zima waifai kwenye vifaa vyote vya nyumbani. Vya ukutani vichomoe kabisa, maana televisheni na kisanduku cha Android hubaki hewani hata vikionekana vimezimwa kwa rimoti. Bakiza kimoja tu cha kutazamia, vizuri zaidi kompyuta iliyounganishwa na ruta kwa kebo. Kisha izime ruta, subiri sekunde 30, iwashe. Kuizima hufuta wale walioondoka zamani. Subiri dakika 5, fungua orodha. Kila kinachoonekana sasa, mbali na hicho unachotumia, ama ni chako ulichokisahau ama si chako.

Kabla hujasema si chako, tazama MAC. Ikiwa ni ya kiwandani, fikiria kamera ya nje, inveta ya sola au printa iliyo juu ya kabati. Ikiwa ni ya kubuni na hakuna simu yoyote ya nyumbani iliyo hewani, huyo ni mgeni.

Ukurasa wa ruta unaupata kwa kuandika namba yake kwenye kivinjari. Ruta nyingi za laini za Huawei hutumia 192.168.8.1, na nyingine nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Usibahatishe. Kwenye Windows andika ipconfig, namba iliyo kando ya "Default Gateway" ndiyo yenyewe.

Wengine hupenda kuskani kwa simu, kwa programu kama Fing. Ni nzuri, ila kuna mitego miwili. Mifumo mipya ya Android na iPhone hairuhusu programu kusoma MAC za vifaa vingine, kwa hiyo utaona namba za IP na majina ya kukisia tu. Mtego wa pili ni VPN, programu inayopitisha mtandao wa simu kwa njia nyingine ili kukwepa vizuizi. Tangu Facebook ilipofungwa Uganda Januari 2021, simu nyingi hapa zina VPN inayojiwasha yenyewe, na ikiwa hewani skani inaweza kuonyesha kifaa kimoja au kutoonyesha chochote, ukadhani nyumba ni safi. Izime kwanza.

Kwenye kompyuta kuna amri ya arp -a. Nayo huonyesha tu vifaa ambavyo kompyuta hiyo imewasiliana navyo karibuni, si vyote vilivyo kwenye mtandao. Ukitaka vyote, weka programu ya nmap, kisha andika:

nmap -sn 192.168.8.0/24

ukibadilisha namba za mbele zilingane na za ruta yako. Hiyo hugonga anwani zote za mtandao wako moja baada ya nyingine. Iendeshe kwa ruhusa za msimamizi ili ikuletee na MAC. Kwenye majibu ya arp -a usishtushwe na namba zinazoishia na .255 wala zinazoanza na 224 au 239. Hizo ni anwani za matangazo ndani ya mtandao, si vifaa. Kila mwezi kuna mtu anayepoteza usiku akijaribu kumfukuza 239.255.255.250.

Kwa nini kitufe cha kuzuia hakitoshi

Kitufe hicho huzuia MAC, na MAC umeshaona ni kitu cha kubadilika. Mpangaji aliyezuiwa anaingia kwenye mipangilio ya waifai ya simu yake, anachagua itumie MAC halisi badala ya ya kubuni, basi. Kwa ruta yako yeye ni mtu mpya. Akiwa na kompyuta, huibadilisha mara nyingi apendavyo. Nawe unabaki na hatari ya kumzuia mtu wako, kama ilivyompata Ssalongo. Kuficha jina la mtandao nako hakusaidii. Jina hutamkwa hewani kila simu yako inapojiunga, na simu iliyozoea mtandao uliofichwa huanza kuuita kwa jina kila iendako. Hiyo ni hasara juu ya hasara.

Kubadilisha maneno ya siri, kwa mpangilio

Anza na nenosiri la ukurasa wa ruta, si la waifai. Hayo ni mawili tofauti na watu huyachanganya. La waifai linamruhusu mtu kutumia mtandao. La ukurasa linamruhusu kuibadilisha ruta yenyewe. Kama bado ni admin au lile lililo kwenye kibandiko cha chini, mgeni aliye ndani anaweza kufungua ukurasa huo na kulisoma nenosiri jipya la waifai dakika ileile unapoliweka. Ndiyo maana mpangilio una uzito. Na kwenye ruta ya laini kuna jambo linalosahaulika: nyingi zina ukurasa wa SMS. Aliyeingia humo anasoma kila ujumbe unaotumwa kwenye laini hiyo. Kama laini ya ruta ndiyo hiyohiyo uliyofungulia akaunti au Mobile Money, hapo tatizo limeshapita bando.

Ukimaliza hilo, zima WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kitufe au kwa PIN ya tarakimu 8. Tarakimu 8 zinaonekana nyingi, lakini ya mwisho ni ya kukagua zile nyingine, na ruta huzithibitisha vipande viwili, 4 kisha 3. Matokeo yake anayebahatisha ana majaribio 11,000 tu badala ya milioni 100, udhaifu uliowekwa wazi mwaka 2011. Baadhi ya ruta hujifunga baada ya kukosewa mara kadhaa, nyingine hazijali. Ukiiacha wazi, nenosiri refu la waifai halina kazi.

Kisha aina ya ulinzi. Kama ruta ina WPA2 na WPA3 kwa pamoja, chagua hiyo. Usichague WPA3 peke yake, maana taa, soketi na simu za zamani hazitaingia. Kama haina, WPA2 yenye AES inatosha. TKIP na WEP usiziguse.

Sasa nenosiri la waifai, na hapa naomba tukae kidogo. Kampala nzima watu huweka namba ya simu. Mwizi wa WPA2 hahitaji kusimama getini akibahatisha. Anahitaji kunasa mara moja tu ule mpeano wa awali kati ya simu yako na ruta, kisha anaondoka nao na kujaribu maneno akiwa kwake. Namba za simu za Uganda zinaanza na 07, zinabaki tarakimu 8, yaani namba milioni 100. Kadi ya michoro ya kisasa, ile ya kuchezea gemu, hujaribu mamia ya maelfu kwa sekunde. Kwa kasi ya majaribio 500,000 kwa sekunde, namba zote za simu zinazowezekana nchini zinaisha kwa sekunde 200. Na jirani hahitaji hata kadi. Namba yako anayo.

Weka maneno 4 au 5 yasiyohusiana, uyachanganye lugha: kitu kama ndoo-mvule-kkapa-treni7-baragumu. Huu wa kwangu usiutumie, umeshasomwa na wengi. WPA2 inakubali herufi 8 hadi 63, kwa hiyo nafasi ipo. Epuka majina ya mapacha wako na mwaka wa kuzaliwa.

Jina la mtandao nalo libadilishe safari hii, hasa kama linataja familia au namba ya nyumba. Kuna faida ya ziada: vifaa vyote vilivyohifadhi jina la zamani vitaacha kubisha hodi. Hasara yake ni kwamba taa na kamera utazipanga upya kupitia programu zake, moja moja. Ukibonyeza kuhifadhi, wewe mwenyewe utakatika. Ni kawaida, unganisha tena kwa nenosiri jipya.

Usikimbilie kile kitundu cha kuirudisha ruta ilivyotoka kiwandani, cha kubonyezwa kwa pini. Kwenye ruta ya laini mara nyingi APN, yaani mipangilio ya kuiunganisha laini na intaneti, hujirudisha yenyewe, lakini pia hurudi maneno ya siri ya kibandiko, ambayo wageni wako wengi wameshayapiga picha. Kwa jirani anayetumia faiba ni hatari zaidi, maana jina na nenosiri la mtoa huduma hufutika na mtandao unakufa mpaka fundi aje. Na ukiamua kusasisha programu ya ndani ya ruta, jambo ambalo ni zuri, angalia kwanza yuniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla. Umeme ukikata katikati ya kusasisha, ruta inaweza isiwake tena.

Ukiwa bado kwenye ukurasa, tazama mahali pawili ambapo alama za mgeni hubaki. DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, iwe ya moja kwa moja kutoka kwa mtoa huduma au namba unazozijua kama 8.8.8.8 na 1.1.1.1, ukikuta nyingine usiyoiweka, irudishe kwenye hali ya moja kwa moja. Usimamizi wa ruta kutoka nje ya nyumba uzimwe.

Kurudisha vyako, na jinsi nenosiri lilivyotoka

Rudisha kifaa kimoja kimoja. Kila kinapoingia, kitazame kwenye orodha na ukipe jina hapohapo: "Simu Ssalongo", "TV sebuleni", "Soketi friji". Hii dakika 20 ndiyo itakayokuokoa mara nyingine. Kwenye iPhone zenye iOS 18, MAC ya mtandao wa nyumbani iwekwe kwenye hali ya kudumu, si ya kuzunguka, la sivyo jina ulilompa litapotea kila anwani inapobadilika.

Nenosiri huwa halivunjwi, hutolewa. Simu ya Android 10 na kuendelea hutoa msimbo wa QR wa waifai, na nyingi huandika na nenosiri lenyewe chini ya msimbo. Mtoto anayecheza uani na mtoto wa mpangaji anahitaji sekunde 5 tu. Kuna pia programu za "waifai ya bure" zinazopeleka maneno ya siri yaliyomo kwenye simu hadi kwenye hazina ya pamoja. Mtu mmoja nyumbani akiwa nayo, umelitangaza kwa mji mzima. Kagua simu zote, ziondoe kabla ya kuingiza nenosiri jipya.

Wageni wape mtandao wa wageni kama ruta inao. Unakuwa na jina lake na nenosiri lake, unaubadilisha utakavyo bila kugusa vifaa vya nyumbani, na aliyeko humo haioni kamera wala printa yako. Vile viruta vidogo vya betri mara nyingi havina. Hapo andika nenosiri mwenyewe kwenye simu ya mgeni, usimtumie kwa WhatsApp. Kama wapangaji wanataka kuchangia gharama, wape mtandao huo wa wageni kwa makubaliano, wenye kikomo cha kasi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 inalifanya kosa kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa, na laini ya ruta imesajiliwa kwa kitambulisho chako; lakini kumpeleka jirani kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, ukiwa na MAC ya kubuni mkononi hakutakufikisha mbali. Nawe usijaribu kumwingilia simu yake ulipize, kwa sababu kosa litakuwa lako.

Bando ikiendelea kukata

Wiki mbili baadaye orodha ni safi, kila kifaa kina jina, na bando bado inakimbia. Angalia mambo mawili. Kwanza hotspoti. Simu nyingi za Android zinaweza kupokea waifai na kuigawa tena. Kwenye ruta utaona simu moja tu, kumbe nyuma yake kuna watatu. Ripita, kifaa cha kurefusha mawimbi ya waifai, hufanya vivyo hivyo. Andika salio la bando saa 4 usiku na tena saa 12 asubuhi, siku 3 mfululizo, vyombo vyote vikiwa vimechomolewa na simu zimeachwa hewani. Zikipotea GB 2 usiku mmoja, zima waifai ya simu moja kila usiku mpaka uijue.

Jambo la pili ni hesabu ya kawaida. Video ya HD kwenye televisheni hula hadi GB 3 kwa saa. Saa 2 kwa siku ni GB 6, na siku 17 ni GB 102. Ni tarehe yako ileile, bila mwizi yeyote. Kamera inayotuma picha mtandaoni mfululizo kwa Mbps 0.5 hula GB 5.4 kwa siku, karibu sawasawa na hapo. Kama watoto wako likizo au kisanduku cha Android ni kipya, shusha ubora wa video hadi 480p, itakula kama GB 1 kwa saa au chini yake. Kamera nayo iwekee kadi ya kumbukumbu, irekodi humo, na itume mtandaoni pale tu inapoona mtu akipita.